Barua ya wazi kwa watengenezaji wa magemu ya mapenzi na siasa: msitulainishie wahusika

Ndugu waandishi, wabunifu, na ninyi wenye kauli ya mwisho juu ya kipi kitolewe na kipi kikatwe,

Mimi ni mmoja wa wanaowapigia kelele. Mhusika akinikera, nasema. Njia ya mapenzi ikikatika ghafla, nasema. Mwisho ukiniacha hoi, nakesha nikiandika malalamiko marefu kuliko barua hii. Kwa hiyo msidhani nimekuja kuwatetea dhidi ya mashabiki. Mimi ni shabiki, tena wa wale wasumbufu.

Ila nimecheza vya kutosha kujua kwamba kelele zetu ni za aina mbili, na mara nyingi mnazisikiliza kinyumenyume. Tukilalamikia mitambo ya gemu, yaani alama zilizofichwa, hesabu zisizoeleweka na milango inayojifunga kimyakimya, mnatujibu kwamba ndivyo mlivyokusudia. Tukilalamikia mioyo ya wahusika, kwamba huyu mkaidi, yule msaliti, na yule mwingine hakutupenda ilhali tulimfanyia kila kitu, mnakimbia kuwarekebisha. Naomba mgeuze. Kwenye mitambo, tusikilizeni. Kwenye mioyo, zibeni masikio.

Nianzie mbali kidogo. Mwaka 1994 kampuni ya Koei ya Japani ilitoa Angelique kwa ajili ya Super Famicom, mashine ya kuchezea magemu ya Nintendo. Iliundwa na timu ya wanawake iliyoitwa Ruby Party, na ndiyo inayohesabiwa kuwa gemu ya kwanza ya mapenzi iliyotengenezwa makusudi kwa ajili ya wasichana. Wanaoikumbuka huikumbuka kwa wavulana wake wazuri. Wanasahau kwamba ilikuwa gemu ya kumtafuta mtawala. Angelique anashindana na Rosalia kumrithi malkia wa ulimwengu mzima, kila mmoja akikuza bara lake kwa msaada wa walinzi tisa wenye nguvu mbalimbali. Na walinzi haohao unaowaomba msaada wa kazi ndio unaoweza kuwapenda. Ukimpenda mmoja na yeye akakiri, kiti umekiaga. Ukikitaka kiti, mapenzi umeyaaga.

Angalieni lilivyo jambo dogo, na lilivyo zito. Hapakuwa na mazungumzo ya saa mia moja wala sauti za waigizaji wakubwa kila dakika. Palikuwa na swali moja tu: utatoa nini ili upate nini? Aina hii ya gemu ilizaliwa na swali hilo mkononi. Ninachokiona siku hizi ni watu wanaotaka kutunyang'anya swali na kutuachia wavulana.

Alistair mnamjua. Katika Dragon Age: Origins, gemu ya BioWare ya mwaka 2009, ni askari mcheshi, mtoto wa mfalme aliyezaliwa nje ya ndoa, na ufalme hautaki hata kuusikia. Unampenda bila kukusudia, kambini, ukiwa unacheka vichekesho vyake vibovu. Kisha unafika kwenye baraza la makabaila, Landsmeet, na ni wewe unayepaswa kuwashawishi wakubwa wa nchi nani atawale. Ukimkalisha Alistair kwenye kiti, na wewe mwenyewe hukuzaliwa katika ukoo wa kikabaila, anakuja kuzungumza nawe pembeni. Mfalme anahitaji mrithi, nchi ina macho, na mapenzi yenu hayawezi kuendelea kama yalivyokuwa. Ukiwa binti wa kabaila, unaweza kuwa malkia wake. Na ukiamua kumsamehe Loghain, jemadari aliyewasaliti wenzake vitani, Alistair anakupa kisogo.

Nililia, na sioni haya kusema. Nilikuwa nimemtawaza kwa mkono wangu, nikijiona fundi wa siasa, kumbe nimejiandikia talaka. Niliyajua masharti ya ulimwengu ule tangu mwanzo. Yalisemwa na kila mtu niliyekutana naye njiani. Nilidhani tu kwamba hayanihusu, kwa kuwa mimi ndiye mchezaji.

Wapo mashabiki waliotengeneza marekebisho yao wenyewe ili waolewe na Alistair hata kama ukoo wao hauruhusu. Sina ugomvi nao. Anayetaka kujipoza nyumbani kwake na ajipoze. Ombi langu ni kwenu ninyi: kazi hiyo waachieni wao. Gemu iliyotoka mikononi mwenu ibaki na mlango uliofungwa, ili anayeuvunja ajue amevunja mlango.

Mfano wangu mkubwa, hata hivyo, ni Anders. Kama hamjacheza Dragon Age II ya mwaka 2011, rukeni aya mbili, maana nafichua kila kitu.

Anders ni mganga na mchawi. Anawatibu maskini bila malipo katika mji wa Kirkwall, ambako wachawi wanaishi chini ya ulinzi wa askari wa kanisa, na ndani yake anabeba roho ya haki iliyogeuka kuwa hasira. Anakuonya mapema kwamba hatakuletea heri. Unampenda vilevile, mnakaa nyumba moja. Siku moja anakuomba umsaidie kutafuta viungo vya dawa ya kumtenganisha na roho ile. Unazunguka machimboni na kwenye mifereji ya maji machafu, ukimkusanyia moja baada ya jingine, kwa sababu ni mtu wako na anateseka. Kisha, mwishoni, jengo kuu la ibada la mji linalipuka na watu waliomo, na hapo ndipo unapoelewa viungo vile vilikuwa vya nini. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe uliifua wewe.

Hakuna jibu unaloweza kuchagua likazuia mlipuko huo. Mapenzi yako hayauzuii. Unachoachiwa ni maamuzi ya baadaye: umuue, umfukuze, au abaki. Mashabiki walipasuka pande mbili, na mpasuko ule haujaungana hadi leo. Wengine walisema wamesalitiwa na waandishi. Wengine walisema ndiyo mara ya kwanza kumpenda mhusika mwenye itikadi ambayo haikuwa pambo la kumfanya avutie. Mimi nilianza na kundi la kwanza. Nilihamia la pili baada ya kucheza tena na kugundua kwamba kila alichonificha alikuwa amekwisha kuniambia, kwa namna yake, na mimi nikawa nasikiliza sauti tu.

Gemu hiyohiyo ilikuwa na kipimo ambacho sijakiona kikitumika vizuri hivyo tena. Badala ya upendo unaopanda na kushuka kama maji kwenye ndoo, kulikuwa na urafiki upande mmoja na upinzani upande wa pili. Mtu uliyembishia msimamo wake toka mwanzo hadi mwisho aliweza kukupenda vilevile, kwa mapenzi ya namna nyingine, ya ubishi na heshima. Kwa gemu ya siasa hicho ndicho kipimo. Watu wasioelewana juu ya nchi hupendana kila siku. Magemu yenu mengi hayajapata namna ya kulisema hilo. Yanajua tu "amekubali" na "amekataa".

Mnaweza kuniambia kwamba wachezaji wanaumia, na kwamba aliyeumia hanunui gemu inayofuata. Siamini. Mwaka 2019 Fire Emblem: Three Houses ilitupa uwanja wa vita uliodumu kuliko gemu zenyewe zinavyodumu. Wewe ni mwalimu katika chuo kilicho ndani ya monasteri. Unachagua nyumba moja, yaani kundi la wanafunzi, kati ya tatu, kila moja ikiongozwa na mrithi wa dola yake: Edelgard wa Himaya, Dimitri wa Ufalme, Claude wa Muungano. Unawafundisha, mnakula pamoja, mnakunywa chai. Kisha hadithi inaruka miaka mitano na wanafunzi wako wanauana.

Rafiki yangu alimchagua Edelgard, mimi nikamchagua Dimitri. Tulinuniana wiki mbili, watu wazima na akili zetu. Yeye alimwona mwanamke anayebomoa mfumo unaopima thamani ya mtu kwa damu ya ukoo wake. Mimi nilimwona mvamizi aliyewasha vita na kuwaua watu niliowafundisha kushika upanga. Na sote wawili tulikuwa tumecheza gemu moja! Kila njia inakuonyesha sehemu tu ya ukweli, na unayempenda ndiye anayekuchagulia sehemu utakayoiona. Sasa niambieni: angekuja mtu na sasisho la kumfanya Edelgard aombe radhi kwa kila mtu katika kila njia, mimi na rafiki yangu tungebaki na nini cha kununiana?

Nimeshuhudia mambo yakienda upande mwingine. Gemu moja, jina siliandiki, ilikuwa na waziri wa hazina ambaye nilimpenda kuliko wote. Mkavu, mchovu, na mwaminifu kwa jimbo lake kabla ya kuwa mwaminifu kwako. Ukitoza kodi ya vita, jimbo lake linaingia njaa, na hapo humpati tena, hata umwimbie. Watu walilalamika kwamba ni "njia ngumu isiyo na haki". Miezi michache baadaye likaja sasisho. Nilimtembelea. Kodi nilikuwa nimetoza ileile, na njaa ilikuwa ileile. Nilichagua sentensi mpya iliyowekwa na kialama cha moyo pembeni yake, akanikumbatia.

Sijawahi kuirudia gemu ile.

Linganisheni na Suzerain ya mwaka 2020, ambayo wengi hawaihesabu kabisa kuwa gemu ya mapenzi. Wewe ni Rais Anton Rayne wa nchi ya kubuni iitwayo Sordland. Hutongozi mtu. Mke unaye tayari, Monica, na Monica ana jambo analoliamini: haki za wanawake. Hakuombi maua. Anakuuliza serikali yako itafanya nini, na ndoa yenu inabeba uzito wa jibu. Nilipokuwa nikihesabu kura za wabunge nilijikuta nahesabu na kura ya chakula cha jioni nyumbani, na ile ya nyumbani ndiyo iliyonitoa jasho. Hakuna busu lililochorwa vizuri lililonifikisha hapo.

Basi, tuje kwenye mitambo, ambako nawaomba mtusikilize kwa masikio yote mawili.

La kwanza ni zawadi. Jamani, zawadi. Nampa mtu maua wiki baada ya wiki, namrudishia kitambaa alichokiangusha, namkaribisha chai siku yake ya kuzaliwa, na mwishowe anahama nyumba yake na kwenda kumpiga vita mrithi wa dola yake pamoja na marafiki zake wa utotoni. Hilo lipo ndani ya Three Houses, gemu niliyotoka kuisifu. Lakini ndani yake pia wamo Hubert na Dedue, wasaidizi wa Edelgard na wa Dimitri, ambao hakuna chai duniani itakayowafanya wahame nyumba zao kuja kwako. Wao ndio walionionyesha wabunifu walikuwa wanajua. Walijua kwamba kuna watu wasionunulika, wakawawekea wachache tu kanuni hiyo. Sisemi kila mtu awe Dedue. Nasema maua yawe na kikomo, na baada ya kikomo hicho mtu aangalie ulichofanya, ulipigania nini na uliwanyamazia akina nani.

La pili ni kipimo kinachopanda tu. Katika Reigns: Her Majesty ya mwaka 2017 unatawala ukiwa malkia kwa kutelezesha kadi kushoto au kulia, na kuna nguvu nne za kutunza: kanisa, watu, jeshi, hazina. Kila moja ikiisha, utawala wako umekwisha. Kila moja ikijaa pia, umekwisha. Hilo la pili ndilo siasa. Mtu anayekupenda kupita kiasi ni hatari kwa taji kama anayekuchukia. Anatarajia vyeo, anawaudhi wengine kwa ukaribu wake na wewe, anajiona ana haki ya kusema kwa niaba yako. Mbona kwenye magemu yenu kipenzi cha malkia hakimletei malkia tatizo lolote na baraza lake? Wekeni wivu wa kisiasa. Wekeni waziri anayejiuzulu kwa sababu umemwoa binti wa mpinzani wake.

La tatu, na hili ndilo linalotuudhi kuliko yote, ni kuficha sheria kisha kutuadhibu kwa kutozijua. Long Live the Queen ya Hanako Games, ya mwaka 2012, inajulikana kwa ukatili. Elodie, binti wa miaka 14, ana wiki 40 kufika siku ya kutawazwa, na kila wiki anachagua masomo mawili. Nimekufa kwa mshale. Nimekufa kwa chokoleti zenye sumu. Nimekufa kwa sababu nilisoma muziki wakati nilipaswa kusoma uganga. Lakini gemu hiyo ina adabu moja: ukishindwa jaribio, inakuandikia pale pale ni ujuzi gani uliokuangusha. Unakufa ukiwa umejifunza. Magemu mengine yananiacha nifike sura ya mwisho nikiwa na mchumba mkononi, kisha ananiacha kwa sababu ya jibu moja katika sura ya pili ambalo halikuonyesha dalili yoyote kuwa lina uzito. Huo si ugumu, ni uvivu uliovaa joho.

Tena kuonyesha hesabu hakuharibu fumbo. Crusader Kings III ya mwaka 2020 inakuonyesha kwa namba kila kabaila anakuonaje, na inakuorodheshea sababu. Unajua kabisa kwamba huyu ana kinyongo kwa kuwa ulimfunga jamaa yake. Bado hujui atafanya nini usiku wa leo. Bado unamwoza binti yako kwa jirani ili upate askari, kisha unabaki kumwonea huruma. Namba ziko wazi, na moyo wa mtu umebaki msitu.

Na mkitusikiliza kwenye mitambo, matunda yake mnayaona. Baldur's Gate 3 ilipotoka Agosti 2023, wenzako wa safari walikuwa wakikutongoza kabla hawajajua unatoka wapi. Wachezaji walicheka, kisha wakahoji, na Larian, watengenezaji wake, wakakiri kwamba kiwango cha kukubalika kinachofungua mapenzi kilikuwa chini mno kwa makosa. Wakakirekebisha. Mnamo Novemba mwaka huohuo wakaongeza karamu ya hitimisho, wenzako wakikutana tena baada ya miezi sita, kwa kuwa watu walisema wanaagana haraka mno. Vivyo hivyo BioWare mwaka 2012: baada ya ghadhabu juu ya mwisho wa Mass Effect 3 uliotoka Machi, mwezi Juni walitoa bila malipo nyongeza ya kurefusha mwisho. Hawakutupa mwisho mwingine wa harusi ufukweni. Walieleza zaidi yaliyotokea kwa watu tuliowajali. Wapo ambao hawakuridhika hadi leo, lakini mimi nilishukuru kwamba maamuzi magumu yalibaki magumu.

Kuna na jambo la magemu ya simu yanayouza majibu kwa almasi, yaani sarafu ya ndani ya gemu inayonunuliwa kwa pesa halisi. Nitalipitia haraka maana linanipandisha presha. Kama sentensi ya heshima kwa balozi inalipiwa na ile ya kijinga ni ya bure, basi mmeshatufundisha siasa ya aina moja, na hatuhitaji gemu kuijifunza.

Ombi moja dogo pia kwa ajili ya wanaocheza bila kutaka kupenda mtu yeyote. Siku tunapotaka kutawala peke yetu, tupeni watu wa kutuona hivyo. Malkia asiye na mchumba ni habari kubwa ya kisiasa. Mabalozi wote wangekuwa wanaizungumzia. Kwenye magemu yenu ni ukurasa mtupu, kama vile mchezaji amesahau kufanya kazi ya nyumbani.

Najua nawaomba kazi ngumu. Ni rahisi zaidi kuongeza sentensi yenye kialama cha moyo kuliko kumwandika mtu ambaye kukataa kwake kuna sababu. Najua pia kwamba siku mtakapotoa mhusika kama Anders tena, nitakuwa wa kwanza kuwaandikia kwa herufi kubwa kwamba mmeniharibia mwezi mzima. Mkiipokea barua hiyo, isomeni, chekeni, muiweke kando na hii.

Faili yangu ya Origins bado ninayo. Alistair yuko kwenye kiti chake, mimi niko mlangoni mwa kasri na mzigo wangu mgongoni. Naweza kurudi nyuma saa moja ya mchezo nikabadilisha kila kitu. Sijairudisha.

Wenu msumbufu,
Mchezaji